Vitabu Vilivyochanwa Majalada

9 Januari

Kaka,

Hujambo na kazi? Huku hatujambo kiasi chetu. Wanangu wamerudi shule. Mkubwa ameshavunja miwani mingine, anasema imejikalia yenyewe. Mume wangu bado ana zamu ya alfajiri kiwandani, kwa hiyo tunaonana mlangoni kama watu wanaopokezana funguo. Anakusalimu sana.

Mama anaendeleaje? Najua utaandika "yuko vilevile", lakini bado nauliza.

Nimekutumia kifurushi. Vitabu viwili, kimoja cha upelelezi na kimoja cha yale mambo ya majoka na falme. Usishangae kuona havina majalada. Hapa ghalani, vitabu vikirudishwa na maduka tunavichana jalada kisha vinasubiri lori la karatasi chakavu. Msimamizi haoni ubaya nikichukua. Majina yake na waandishi wake mimi mwenyewe siyajui, nimeokota tu vile vilivyonenepa.

Daktari si alisema Mama asikie sauti? Basi msomee. Wewe ukikaa kimya na cherehani yako asubuhi mpaka jioni, atasikia nini zaidi ya sindano? Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka kazini kwake mahakamani, anavua viatu, anakwenda moja kwa moja kwenye riwaya yake, na sura ya pili tu ameshatuambia muuaji ni nani. Tulikuwa tunamchukia kwa hilo.

Ningekuja mwenyewe. Nimenyimwa ruhusa, hesabu ya ghala haijaisha.

Niandikie umevionaje. Simu sitaki, wewe kwenye simu unasema "ndiyo" na "sawa" tu kama karani wa posta.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na kifurushi pia, kimelowa pembeni lakini kurasa zote zipo. Mimi nipo. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wamenijaza sare za shule, nashona suruali mpaka miguu inatetemeka bila pedali. Mama jirani anakuja kila asubuhi kunisaidia kumgeuza Mama. Kile kidonda cha mgongoni kimekauka. Cha kisigino bado.

Mama yuko vilevile. Macho yanafunguka, yanafumba. Muuguzi anasema yanajifumba yenyewe, nisihangaike nayo.

Nimesoma kama ulivyosema, kwa sauti, saa moja kila mchana nikishamlisha kwa mrija. Mwanzoni niliona haya. Mtu mzima peke yake anamsomea ukuta habari za bastola. Sasa nimezoea.

Kile cha upelelezi, kwa kweli, mwandishi wake ni mwongo. Mpelelezi anapigwa risasi mbili ukurasa wa tisini, ukurasa wa tisini na nne anakimbia juu ya paa. Mimi nikijichoma sindano kidole kimoja natembea siku nzima nimekishika. Halafu ushahidi wenyewe! Eti muuaji aliruka dirisha, koti lake la hariri likanasa kwenye msumari, likaacha uzi mmoja, na koti halikuchanika. Nimecheka peke yangu. Huyo hajawahi kushika hariri. Hariri ikinasa msumari utaondoka na mikono ya koti tu.

Cha majoka nilikidharau, nikakimaliza kwa siku tano. Kurasa mia tatu watu wanatembea. Wanatembea tu, na hakuna hata mmoja anayekwenda msalani. Majina yao yananing'oa meno, kwa hiyo nimewapa yangu: Ndevu, Bibi Kiguu, Mrefu, na yule mfalme nimemwita Mheshimiwa. Nilimpenda Bibi Kiguu. Ni mchawi mzee anayesahau uchawi wake nusu njia. Anaanza kumgeuza adui awe chura, anakwama, adui anabaki na miguu ya chura tu na hasira zake zote. Hapo nilimgeukia Mama nikamwambia, "Umesikia hiyo?" Nilisahau.

Tuma vingine kama vipo. Na barua zako pia namsomea. Namsomea kila kitu, hata maelekezo ya kwenye chupa za dawa.

Kaka yako


20 Februari

Kaka,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Huku mvua, na wanangu wote wawili wamelala na homa, ila leo wameamka wakidai chai, kwa hiyo watapona. Nimecheka Bibi Kiguu mpaka wenzangu ghalani wakaniuliza kulikoni.

Nimekutumia vitatu tena. Cha jaji aliyekutwa amekufa chumbani nimekisoma mwenyewe kabla ya kukutumia, na sikumjua muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Kizuri. Kinakwenda taratibu lakini hakikudanganyi, kila kitu mwandishi amekiweka mezani na wewe ndiye huoni. Hicho kingine ni cha malkia aliyegeuzwa jiwe. Kinaanza vizuri kisha kinajaa nyimbo. Cha chini kabisa sijakifungua.

Sasa Kaka, nina jambo, na nimelizunguka wiki tatu. Mke wako aliondoka kwa sababu ya chumba hicho cha Mama. Hukuniambia, nimeambiwa na mama jirani. Una miaka arobaini na minne, unalala kwenye mkeka chini ya cherehani. Nisikilize. Mama yetu aliondoka ile Septemba alipoanguka jikoni. Tulichorudishiwa kutoka hospitali ni mwili unaopumua. Hayupo, Kaka. Unamsomea mtu ambaye hayupo. Kuna nyumba ya wagonjwa upande wetu huku, wana wauguzi, nimeshaongea nao, na kitanda kitapatikana Aprili. Mpeleke. Hakuna atakayekulaumu, na yeye hatajua tofauti.

Nijibu.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Sare zilikuwa nyingi. Mafundi wenzangu wawili wamehama mtaa, wateja wao wote wamenimwagikia mimi. Watoto wako nawaombea heri.

Nimemaliza cha malkia wa jiwe na sijakipenda hata kidogo. Malkia anarogwa, anakaa jiwe miaka mia moja katikati ya uwanja. Watu wanatundika nguo juu yake, wanasengenya mbele yake, anasikia yote. Anakuja kijana mwenye zeze, anaimba beti tatu, jiwe linapasuka. Na malkia anafanya nini? Anasema asante. Anatabasamu, anaomba maji, anaolewa na yule kijana. Miaka mia moja! Nilikitupa ukutani. Mwandishi anaondoa ugonjwa kama mtu anayevua kofia. Wala huyo mwenye zeze hakuwahi kumgeuza malkia ubavu, hakuwahi kumwosha. Tafadhali usinitumie tena vitabu vya watu wanaoponywa kwa wimbo.

Cha jaji tumeanza juzi. Naona kitafaa.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Kaka yako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Sitakusalimu kwa urefu leo, unisamehe. Sote tuko hai.

Juzi Jumanne nilikuwa nimefika pale jaji ameshazikwa na watu watatu wanashukiwa: mke wake mdogo, dereva wake na karani wake wa mahakama. Nikaweka kitabu gotini nikaanza kubishana na hewa, unanijua. Nikasema, "Mimi nasema ni mke. Mwanamke gani anavaa viatu vya kisigino kwenye msiba wa mumewe?" Nikamtazama Mama. Macho yake yalikuwa kwangu. Si juu, si ukutani. Kwangu.

Kwa mzaha tu nikasema, "Mama, ni mke?" Macho wazi. "Dereva?" Wazi. "Karani?"

Akafumba. Si kule kupepesa. Aliyakaza mpaka ngozi ikajikunja pembeni, akakaa hivyo nikahesabu mpaka nane, kisha akafungua akanitazama tena.

Nikacheka. Nikasema imetokea tu. Nikaenda uani nikanawa uso, nikarudi, nikauliza upya kwa kupanga tofauti: karani, dereva, mke. Akafumba kwa karani. Nikauliza mara tano, mdogo wangu, mara tano karani. Nikasoma siku ile mpaka sauti ikakauka. Wewe ulikisoma, unajua. Ni karani. Alikuwa na ufunguo wa kabati la mafaili. Nani angelijua hilo kama si mtu aliyepiga taipu kesi za mauaji miaka ishirini na sita?

Nilipomaliza nilimwambia, "Mama, umeshinda," na nilikuwa nalia na kucheka, nikamshika mkono, nikaita mama jirani, akaja na unga mikononi. Tukamuuliza mambo mengi. Una maumivu? Akafumba. Kisigino? Akafumba. Unanijua? Akafumba. Kufumba ni ndiyo. Hapana hana. Anaacha wazi tu.

Mama jirani alipoondoka nikakaa. Hapo ndipo furaha iliponitoka mwilini yote kwa mara moja, kama mtu amefungua bomba. Nikamuuliza, "Mama, tangu lini unasikia? Tangu Machi?" Wazi. "Tangu Januari?" Wazi. "Tangu hospitali?"

Akafumba.

Kwa hiyo alikuwepo siku mke wangu aliposema kuhusu harufu, na mimi sikumjibu. Alikuwepo siku nilipomwambia muuguzi, nimesimama pale miguuni pa kitanda, kwamba afadhali Mungu amchukue sote tupumzike. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza mbele ya kabati.

Na barua yako ya Februari niliisoma kwa sauti. Nilikuambia namsomea kila kitu. Nilipofika pale pa "mwili unaopumua" niliona kinachokuja, na sikusimama. Nilidhani hakuna anayesikia. Niliisoma yote, mpaka jina la ile nyumba, mpaka Aprili.

Sijui la kufanya. Nimekuandikia kwa sababu sina mwingine.

Kaka yako


30 Mei

Kaka,

Hamjambo? Sisi wazima. Mkubwa amefaulu mitihani, mdogo hajambo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na moja Aprili. Nimeibeba kwenye mfuko wa aproni tangu siku hiyo, imekuwa laini kama kitambaa. Ghalani wanadhani nimefiwa.

Sijasoma kitabu chochote. Nimejaribu kimoja, cha mtu anayeamka ndani ya jeneza anasikia watu juu wanapiga udongo. Zamani ningekimaliza kwa siku moja na kusema kinasisimua. Nimesoma kurasa nne nikakitia mwenyewe kwenye lori la karatasi. Wanaoandika vitu hivyo hawajui. Au labda wanajua, na sisi tunaosoma ndio tulikuwa tunacheza.

Kuna jambo lazima nikuambie, na hili naomba ulisome kwa sauti, kwa kuwa nimechoka kusema mambo nikidhani hayupo. Sikuwahi kunyimwa ruhusa. Sikuomba. Ile Septemba nilikuja hospitali, Kaka. Nilifika mpaka mlango wa wodi, nikamwona kwa kioo mdomo umekwenda upande, na nikageuka. Nikapanda basi la saa kumi nikarudi. Nilikuambia gari liliharibika njiani.

Mama, nilikuogopa. Hilo ndilo tu. Yale ya mwili unaopumua niliyaandika ili nisiwe mtu aliyekukimbia. Kama hukuwepo, basi sikukukimbia.

Sasa nimeomba ruhusa na nimepewa siku kumi, mwezi wa saba. Kaka, muulize kama anataka nije. Uliza vizuri, usimsukume. Nitafanya atakavyosema.

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kisigino kinaleta usaha kidogo, muuguzi amebadilisha dawa. Mama jirani ametengeneza ubao wa herufi kwa boksi la viatu, lakini Mama anachoka kwenye herufi ya tatu. Mpaka sasa tumepata "ma" na "maj", tukaleta maji, akaacha macho wazi. Hatujui lilikuwa neno gani. Nimemwomba radhi kwa yale ya muuguzi. Nilimuuliza kama amenisamehe, akafumba, lakini alikawia, na mimi nilihesabu kule kukawia.

Kitabu tunachosoma sasa ni kile cha visiwa vinavyoelea, ulichotuma mwezi wa pili chini ya vingine. Ni kizuri, cha taratibu. Watu wa visiwa vile hawana vita, tatizo lao ni kwamba kisiwa kikikatika na ndugu yako yuko upande wa pili, kila mtu anaelea kwake. Hawapigi kelele. Wanapungiana tu mpaka hawaonani. Mama ananisikiliza kwa makini. Nikisoma haraka anafumba, nadhani ananiambia ndiyo, nimekosea.

Kuhusu ulilouliza, nimemuuliza.

Majoka hayamo kwenye hicho kitabu, hilo ni jema.

Sawa. Nimekizungusha hiki kiti nusu saa nikikwepa kuandika. Barua yako niliisoma yote kama ulivyotaka, hata ya mlango wa wodi. Machozi yalimtoka jicho la kushoto, lakini hilo hutoa machozi hata bila sababu. Kisha nikamuuliza, "Mama, unataka aje?" Macho yalibaki wazi. Nikangoja kesho yake, baada ya kumwogesha, wakati anapokuwa na nguvu. Wazi. Siku ya tatu akauliza mama jirani badala yangu. Wazi.

Sijui maana yake. Ana ndiyo moja tu, mdogo wangu, hiyo nyingine yote ni kimya. Inaweza kuwa asije. Inaweza kuwa asinione nikiwa hivi. Inaweza kuwa safari ni ndefu, ana watoto. Nimemuuliza moja moja na kote macho wazi. Labda maneno yake halisi sijayafikia, na sijui niyatafute wapi.

Kaka yako


25 Juni

Kaka,

Salamu kwenu. Barua hii ni fupi, niko kwenye mapumziko ya chakula.

Nakuja. Tarehe nne nitakuwa hapo. Kama hataki nimwone, au hataki kuniona, sitasimama mbele yake. Kitanda kisogeze mbali na ukuta, niwekee kiti nyuma ya kichwa chake. Nitakaa hapo nimsomee hicho cha visiwa, yeye hatalazimika kunitazama. Mwambie hivi: akitaka nitoke, afumbe macho na akae ameyafumba, wewe utanipa ishara, nami nitatoka bila neno.

Na Kaka, usinifiche tena lolote, hata liwe baya. Tumefichana vya kutosha katika familia hii. Niahidi.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Natumai ulifika salama na umewakuta watoto wazima. Huku tupo. Nimerudi kwenye sare, muhula mwingine unakuja.

Chumba kimekuwa kimya tangu ulipoondoka. Ulisoma vizuri kuliko mimi. Mimi nasoma kama natoa matangazo. Wewe ulipofika kwa yule mwanamke anayepungia kisiwa cha mwanawe, ulisoma kana kwamba unapima kila neno joto. Siku ya kwanza niliyatazama macho ya Mama saa nzima, yako wazi, yanatazama darini. Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu unaijua. Alifumba, mimi nikahesabu mpaka sitini, nikakuinulia mkono, ukafunga kitabu ukatoka. Uliniuliza uani kama alikuwa amelala tu, nikakuambia sijui. Ulikaa siku zako zilizobaki jikoni, unapika, unafua mashuka yake, unamwosha miguu akiwa usingizini. Hukuingia tena akiwa macho. Sikujua nikulazimishe au nikuache, nikakuacha.

Nilikuahidi sitakuficha. Basi.

Siku uliyoondoka, nilipotoka stendi, nilikaa mbele yake nikamuuliza, "Mama, siku ile dada anasoma ulipofumba macho, ulikuwa umelala?"

Akafumba.

Nilifurahi, nikawa nimeshainuka nitafute kalamu. Kisha nikafikiri niulize upande wa pili, kama yeye alivyotufundisha, kwamba shahidi huulizwa mara mbili. Nikamuuliza, "Au ulikuwa unamwambia atoke?"

Akafumba.

Muuguzi anasema mgonjwa akichoka hufumba kwa kila swali. Kwa hiyo nikamuuliza kama mimi ni binti yake. Macho wazi. Kama leo ni Krismasi. Wazi. Hakuwa amechoka. Nikarudia yale mawili ya kwanza, na yote mawili ni ndiyo. Nimekaa na ndiyo hizo mbili wiki nzima, nimezigeuza kila upande kama kitambaa kisichojulikana ndani wala nje. Labda alilala kwanza, kisha akakusikia, akataka utoke. Labda alitaka utoke kwa sababu sauti yako ilimlaza, akaona haya kulala mbele ya mgeni. Mimi sijui, na wewe hutajua.

Jana nikamuuliza la mwisho. "Nimwandikie dada hivi hivi, yote mawili?"

Macho yalibaki wazi. Nikauliza tena leo asubuhi, amekwisha kuogeshwa, ana nguvu. Yakabaki wazi, na alinitazama muda mrefu sana, mdogo wangu, vile alivyokuwa akitutazama tukitaka kusema jambo mbele ya wageni.

Na mimi nimekuandikia.

Kaka yako